Ufundi wa Kuondoa Kitu Kimoja

Minibasi zinazotoka upande wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, kwenda Lilongwe hushika barabara ya M1, zikapita Lumbadzi, zikaingia Kanengo kwenye maghala ya tumbaku na viwanda, ndipo mji ukaanza. Katika miezi ya baridi, Juni na Julai, ndani ya minibasi hizo huwamo wazazi waliopakata watoto wenye umri wa kutembea ambao siku hiyo hawawezi kutembea. Mifupa inawauma na macho yamegeuka manjano. Wanapelekwa Hospitali Kuu ya Kamuzu. Wakongo wa kambini huuita ugonjwa huo SS, Watanzania huuita selimundu. Chanzo chake ni herufi moja iliyobadilika katika jeni ya beta-globini, ambayo husaidia kutengeneza hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni katika damu. Mtoto aliyerithi kosa hilo kwa baba na kwa mama huwa na chembe nyekundu zinazojipinda kama mwezi mwandamo kila oksijeni inapopungua. Zikishajipinda huganda, huziba mishipa midogo, na maumivu yanaanza.

Katika eneo la hospitali hiyohiyo kuna Kituo cha Tidziwe, makao ya mradi wa Chuo Kikuu cha North Carolina, unaojulikana zaidi kwa utafiti wa Ukimwi. Chuo hicho ndicho alichofanyia kazi Oliver Smithies tangu 1988 hadi alipofariki Januari 2017. Smithies alikuwa mmoja wa watu watatu waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2007 kwa kuvumbua namna ya kumpata panya aliyezimwa jeni moja iliyochaguliwa. Na jeni aliyoanza nayo, miaka mingi kabla ya tuzo, ilikuwa beta-globini, ileile inayowatesa watoto wa minibasi ya Kanengo. Nataka kuusifu ufundi huo, kwa sababu naona watu wengi wanasikia matokeo yake kwenye habari bila kuonyeshwa mikono iliyoyatengeneza.

Kusema kwamba jeni mbovu huleta ugonjwa ni rahisi. Kazi ni kuthibitisha jeni fulani hufanya nini ndani ya mwili ulio hai, ambamo maelfu ya jeni nyingine yako kazini kwa wakati huohuo. Kuwatazama wagonjwa peke yake hakutoshi. Watu wawili hutofautiana kwa mamilioni ya herufi za DNA, kwa chakula walichokulia, kwa malaria waliyougua utotoni. Mafundi hawa walichagua njia ambayo mwalimu wa kwaya ataielewa mara moja: mnyamazishe mwimbaji mmoja, wengine wote waendelee kuimba, kisha sikiliza kilichopungua.

Smithies alikuwa mtu wa mikono. Alizaliwa Halifax, Uingereza, mwaka 1925, na akiwa Toronto katika miaka ya 1950 alibuni njia ya kutenganisha protini za damu kwa wanga wa viazi, baada ya kukumbuka jinsi mama yake alivyokuwa akitia wanga mashati ya baba yake na wanga huo kugeuka rojo ukipoa. Majaribio yake ya Jumamosi yalijulikana, na kila jambo aliliandika daftarini kwa mkono. Mwaka 1982 alianza kuwaza kwamba kipande cha DNA kilichoandaliwa maabara kinaweza kutafuta chenzake ndani ya seli, kikajipachika mahali pake hasa badala ya kuangukia popote. Mwaka 1985 alichapisha ushahidi: kipande chake kilikuwa kimeingia kwenye beta-globini ya binadamu, ndani ya seli za maabara. Kati ya seli zilizopokea kipande, takribani moja tu kwa kila elfu ndiyo iliyokipokea mahali sahihi. Mtu mwingine angeiona hesabu hiyo akakata tamaa. Yeye aliona kwamba jambo linawezekana, na kwamba kilichobaki ni kutafuta namna ya kuipata hiyo moja.

Namna hiyo ilikamilishwa na Mario Capecchi, mtoto wa Italia aliyeyapitia miaka ya Vita Kuu ya Pili akizurura mitaani bila mama, akahamia Marekani vita vilipokwisha. Akiwa Chuo Kikuu cha Utah, yeye na wenzake walibuni mtego wa pande mbili, na walipouchapisha mwaka 1988 kila maabara iliuiga. Nauona kuwa moja ya kazi nzuri kuliko zote katika biolojia, na unastahili kuelezwa taratibu.

Fundi huandaa kipande cha DNA chenye mikono miwili inayofanana kabisa na jeni anayoitaka. Katikati ya mikono hiyo huweka jeni ya bakteria inayoipa seli uwezo wa kustahimili sumu iitwayo G418. Hiyo ndiyo inayoikata jeni ya asili vipande viwili na kuinyamazisha. Nje ya mkono mmoja, mwishoni kabisa, huongeza jeni ya pili iliyotolewa kwa virusi vya malengelenge. Jeni hii huifanya seli iuawe na dawa iitwayo gansiklova. Kisha kipande huingizwa katika mamilioni ya seli kwa kuzipiga umeme wa kitambo kifupi sana, utando wake ukafunguka kidogo na kufunga tena.

Sasa mtego unafanya kazi. Seli ambayo haikupokea chochote inakufa kwa G418. Seli iliyopokea kipande mahali popote tu imekimeza chote, pamoja na ile jeni ya virusi mwishoni, kwa hiyo inakufa kwa gansiklova. Iliyobadilishana kipande mahali hasa panapotakiwa imechukua kilichomo kati ya mikono miwili na kuacha mkia nje. Ina kinga, haina mkia. Hiyo ndiyo inayobaki hai. Baada ya siku kumi hivi vikundi vidogo vya seli vinaonekana kwenye sahani, kila kimoja kimetoka kwa seli moja. Fundi huvichota kimoja kimoja kwa pipeti, akaviotesha na kuvipima upya DNA, kwa sababu wako wadanganyifu wanaopenya hata mtego huo.

Seli zenyewe si za kawaida. Ni seli shina za kiinitete, ambazo mwaka 1981 Martin Evans na Matthew Kaufman wa Cambridge walifaulu kuziotesha nje ya mwili, mwaka uleule Gail Martin alipofanya hivyo Marekani. Seli hizo zikirudishwa ndani ya kiinitete zinaweza kuwa kiungo chochote, hata mbegu za uzazi. Bila sifa hiyo kazi yote ingeishia kwenye sahani.

Hapo ndipo panapohitaji mkono uliotulia. Kiinitete cha panya cha siku tatu na nusu ni tufe la seli lenye uwazi uliojaa maji, upana wake kama sehemu ya kumi ya milimita. Chini ya hadubini, fundi anakishika upande mmoja kwa pipeti ya kioo yenye mdomo uliolainishwa kwa moto, inayokivuta taratibu kisiteleze. Upande wa pili ana sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele, na ndani yake seli shina kumi hadi kumi na tano zimejipanga mstari mmoja. Anatafuta mpaka kati ya seli mbili za ukuta, anachoma pale, anazisukuma seli zake ndani na kuondoa sindano. Kiinitete kinasinyaa kana kwamba kimeharibika. Asiyejua angekitupa. Fundi anajua kwamba baada ya muda kitajaa tena, na huenda kwenye kinachofuata.

Viinitete hivyo hupandikizwa kwa jike aliyepandwa na dume aliyefungwa mirija, ili tumbo lake liwe limejiandaa kwa mimba isiyokuwepo. Kisha watu husubiri, na habari ya kwanza huletwa na manyoya. Kwa desturi seli shina zilitolewa kwa panya wa kahawia, na viinitete vikatolewa kwa panya weusi. Wanapozaliwa watoto wenye mabaka ya kahawia juu ya weusi, fundi anajua kwamba seli zake zilishika. Kadiri kahawia inavyotawala, ndivyo matumaini yanavyokua.

Bado hajapata anachokitaka. Panya wa mabaka ana jeni iliyozimwa katika sehemu tu ya mwili wake. Anaachwa akue wiki sita hadi nane, halafu anapandishwa na jike mweusi, na mimba huchukua takribani wiki tatu. Wakizaliwa weusi watupu, mbegu zake hazikutokana na seli za fundi, na mwezi umepotea. Wakizaliwa wa kahawia, mbegu zimetokana na seli hizo, ingawa nusu yao tu ndio wamebeba jeni iliyozimwa, na kila mmoja wa hao ana nakala moja iliyozimwa na moja nzima. Inabidi hao nao wakue, wapandishwe wao kwa wao, ndipo robo ya watoto wazaliwe wakiwa hawana kabisa jeni hiyo. Kwa njia hii ya asili, kutoka mchoro wa kwanza hadi robo hiyo ni kazi ya mwaka mzima au zaidi. Tangu 2013 mkasi uitwao CRISPR, unaokata DNA mahali palipochaguliwa, umeufupisha mwendo huo sana, lakini mara nyingi hesabu ya vizazi haijakwepeka.

Na katika robo hiyo ndipo ninapouona uadilifu wa ufundi huu. Panya asiye na jeni halinganishwi na panya yeyote tu. Analinganishwa na ndugu zake wa tumbo moja, waliolala kiota kimoja, wakanyonya ziwa moja, wakala chakula kilekile, wakatofautiana naye hasa kwa jeni ile iliyoulizwa. Kipande kidogo cha sikio au mkia hupimwa DNA, namba ikaandikwa, na katika maabara makini anayepima damu au kukata wengu haambiwi namba ipi ni ya nani mpaka hesabu zote zimefungwa. Fundi amejinyima nafasi ya kuona anachotamani kuona.

Kuna siku jibu ni kimya. Jeni imeondolewa na panya anakimbia kama wenzake, kwa sababu jeni nyingine imeshika zamu. Kuna siku robo inayotarajiwa haizaliwi, kwa kuwa viinitete hivyo vimekufa tumboni, na hilo nalo ni jibu: jeni ile haina mbadala. Na kwa kuwa ni viumbe hai wanaotumika, William Russell na Rex Burch waliweka mwaka 1959 kanuni tatu ambazo maabara zenye heshima huzifuata: tafuta mbadala wa mnyama ukiweza, tumia wachache iwezekanavyo, punguza maumivu yao. Kulinganisha ndugu kwa ndugu husaidia hapo pia, kwa sababu swali lililo safi huhitaji wanyama wachache.

Tuchukue malaria, ambayo haimwachi mtu wa Dzaleka wala wa Kanengo. Mwaka 1948 huko Katanga, Ignace Vincke na Marcel Lips waligundua kimelea cha malaria kinachoishi ndani ya panya wa vichakani, wakakiita Plasmodium berghei. Kimelea hicho cha Kongo ndicho kinachotumika leo katika maabara za dunia nzima. Mwaka 2007 Ana Pamplona, Maria Mota, Miguel Soares na wenzao nchini Ureno waliwachukua panya wa aina ambayo kwa kawaida haifi kwa malaria ya ubongo, wakawaondolea jeni ya Hmox1, inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja hemu, ile sehemu ya hemoglobini yenye madini ya chuma ambayo ikizagaa nje ya chembe huwa sumu. Wengi wao walikufa kwa malaria ya ubongo. Mwaka 2011 kundi la Soares likaenda mbele: panya waliobeba hemoglobini ya selimundu waliokoka ingawa vimelea damuni havikupungua, na jeni hiyohiyo ilipopunguzwa, kinga yao ikaondoka. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikuwa ameonyesha tangu 1954 kwamba Waafrika Mashariki waliorithi nakala moja ya selimundu hawashambuliwi sana na malaria. Zaidi ya nusu karne baadaye, kuondoa jeni moja kukaonyesha njia mojawapo ambayo kinga hiyo hupitia.

Fundi mzuri anajua pia mahali panya anapokoma. Huko Blantyre, katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, Terrie Taylor na wenzake walifanya kazi ngumu ya kuchunguza miili ya watoto waliodhaniwa kufa kwa malaria ya ubongo, na mwaka 2004 wakaripoti kwamba karibu robo yao walikuwa wamekufa kwa sababu nyingine. Katika ubongo wa mtoto, chembe nyekundu zenye vimelea hujazana kwenye mishipa midogo. Katika panya, seli za ulinzi ndizo zenye sehemu kubwa ya lawama. Kwa hiyo jibu la panya huenda Blantyre kupimwa, na swali la Blantyre hurudi kwa panya.

Selimundu yenyewe ilileta ugumu wa pekee. Hemoglobini ya panya haizipindi chembe, na ikichanganyika na ya binadamu huizuia nayo isizipinde. Kuongeza jeni ya binadamu hakukutosha, ilibidi kwanza jeni za panya za alfa na beta zizimwe zote. Makundi mawili ya Marekani, moja la Chris Pászty huko Berkeley na jingine la Tim Townes huko Alabama, yalipandisha ukoo juu ya ukoo mpaka wakapatikana panya wenye hemoglobini ya binadamu tupu, wakiwa wamewekewa pia hemoglobini ya utotoni, ile ya mtoto aliye bado tumboni, ili waweze kuzaliwa hai. Mwaka 1997 yote mawili yalichapisha kazi yao. Panya hao walikuwa na upungufu wa damu, wengu uliovimba na figo zilizoumia, kama watoto wetu.

Hemoglobini ya utotoni ndiyo ufunguo. Mtoto mwenye selimundu huzaliwa salama kwa sababu bado anayo, na dalili huanza miezi michache baadaye inapofifia. Mwaka 2008 Vijay Sankaran na Stuart Orkin, Boston, walionyesha kwamba jeni iitwayo BCL11A ndiyo inayoizima. Je, BCL11A ikiondolewa, selimundu itapona? Panya walioondolewa jeni hiyo mwili mzima walikufa mara tu baada ya kuzaliwa, kwa kuwa inahitajika pia kwingineko, kama kwenye neva na seli za ulinzi. Fundi wa haraka angesema njia imefungwa.

Njia ilifunguliwa kwa kuondoa kidogo zaidi. Kila upande wa jeni huwekwa alama ya herufi 34 za DNA. Alama hizo hazidhuru chochote mpaka zikutane na kimeng'enya kiitwacho Cre, kilichotoka kwa virusi vya bakteria, ambacho hukata kilichomo kati yake. Cre ikifungwa kwenye swichi inayowaka katika seli zinazozaa chembe nyekundu peke yake, jeni hupotea humo tu, na mwili uliobaki unaendelea nayo. Mwaka 2011 Jian Xu na Orkin walifanya hivyo kwa panya wa selimundu. Hemoglobini ya utotoni ilipanda, chembe zikaacha kujipinda, damu ikaongezeka. Jeni moja, katika aina moja ya seli, na ugonjwa ukarudi nyuma.

Tiba iitwayo Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, imejengwa juu ya somo hilo. Seli za uboho wa mgonjwa hutolewa, zikakatwa kwa CRISPR kipande kidogo cha DNA kinachoiwasha BCL11A katika chembe nyekundu tu, kisha zikarudishwa. Kipimo kilekile cha fundi wa panya, kuondoa pale panapohusika na kuacha pengine pote, ndicho kinachomlinda mgonjwa.

Bei yake Marekani ilipoidhinishwa mwaka 2023 ilikuwa dola milioni 2.2, na inahitaji hospitali yenye uwezo wa kupandikiza uboho. Mtoto wa Dzaleka haimfikii. Kidonge kinachoweza kumfikia ni hydroxyurea. Utafiti wa REACH, uliowapa dawa hiyo watoto 606 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda na kuchapishwa 2019, ulionyesha kwamba ilipunguza maumivu, haja ya kuongezewa damu na vifo, na malaria pia. Hydroxyurea nayo hupandisha hemoglobini ya utotoni. Kidonge cha bei nafuu na tiba ya mamilioni vinalenga shabaha moja, na kwa kuwa shabaha hiyo imethibitishwa ndani ya mwili ulio hai, watafiti sasa wanatafuta vidonge vipya vitakavyoipiga moja kwa moja bila mtu kutolewa seli za uboho.

Dzaleka ina vijana wanaosoma masomo ya chuo kwa mtandao tangu 2010, Wajesuiti walipoanzisha mpango wao hapo. Ningependa wafundishwe kazi hii hatua kwa hatua, kama fundi anavyomfundisha mwanagenzi, kwa sababu sehemu yake ngumu kuliko zote haiuzwi na kampuni yoyote ya vifaa: kuchagua swali moja, kulinganisha ndugu kwa ndugu, na kungoja. Maswali hawajayakosa. Katika familia moja kambini, mtoto mmoja mwenye SS hulazwa mara kwa mara, na ndugu yake wa damu, mwenye SS hiyohiyo na anayelala chumba hichohicho, hupita mwaka mzima bila kulazwa. Zipo sababu, na huenda baadhi zimo katika jeni zao. Wanaoishi na watoto hao ndio walio karibu zaidi kuziuliza.